Kisha kutolewa polipi ya utumbo: kurudia kipimo lini?

Polipi ni kinyama kidogo chenye kuota ndani ya utumbo munene. Mara nyingi hakiumi. Wanganga wanakiona wakati wa kolonoskopi, ni kusema kupitisha kamera kwa njia ya nyuma, na wanakikata palepale. Wengi wanarudi nyumbani wakifikiri mambo yameisha. Bado.

Kwa wiki mbili hivi, angalia choo chako. Damu kidogo siku ya kwanza si ajabu. Lakini damu nyingi, tumbo kukaza na kuuma sana, ao homa: usingoje asubuhi, enda hospitali.

Kile kinyama kinapelekwa laboratwari, na karatasi ya matokeo ndiyo inaamua tarehe ya kurudi. Polipi ya aina ya adenoma inaweza kugeuka kansa, pole pole, kwa miaka mingi. Mapendekezo ya wanganga wa Marekani ya mwaka 2020 yanasema hivi: mwenye alitolewa adenoma moja ao mbili, chini ya milimita 10, anarudia kisha miaka 7 mpaka 10. Kama zilikuwa tano mpaka kumi, ao moja ilifika milimita 10, ni kisha miaka 3. Zikipita kumi, mwaka 1. Ile ya milimita 20 na zaidi, yenye ilikatwa vipande vipande, miezi 6.

Kwetu Tchomia kuna jambo lingine. Pembeni ya ziwa Albert kuna bilharzia ya utumbo. Vidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini, vinapenya ngozi ya mwenye kuvua, kufua ao kuoga. Mayai yanabaki ndani ya utumbo na yanaweza kuleta polipi pia. Kwa hiyo mwambie munganga kwamba unaishi pembeni ya ziwa, hata kama hakuuliza, ili mavi yapimwe. Dawa ni prazikanteli, miligrama 40 kwa kila kilo ya uzito. Inaua minyoo mikubwa, si ile michanga, na haikingi mutu. Na nani atamwambia muvuvi asiguse maji? Basi kipimo cha mavi nacho kinarudiwa.

Karatasi ile, ipige picha kwa telefone na umupe ndugu nakala. Tangu vita vya Djugu mwisho wa 2017, watu walivuka ziwa kwenda Uganda mikono mitupu. Na damu ikionekana tena chooni mbele ya tarehe, tarehe haina kazi: rudia kwa munganga.