Historia fupi ya alama ya kujumlisha (na simu ya shosho wa Karatina)

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Sikuwa likizoni. Nilikuwa hapa hapa Nyeri nikipigana na alama moja tu: +.

Kisa chenyewe ni hiki. Niliandikia chama kimoja cha wakulima wa kahawa programu ya simu. Mkulima anapokea SMS yenye kiungo, anakigusa, programu inafunguka na kumwonyesha kilo alizopeleka kiwandani pamoja na malipo yake. Mwisho wa kiungo ulikuwa hivi:

/malipo/karatina?simu=+2547XXXXXXXX&msimu=2024

Kabla ya alama ya kuuliza ni njia: inaiambia programu ifungue ukurasa gani. Baada yake ni vigezo. Kila kigezo kina jina, alama ya =, na thamani yake, na & inakitenganisha na kinachofuata. Kazi ya programu ni kukata maneno hayo vipande vipande na kusoma kila kipande. Rahisi, sivyo? Mimi pia nilidhani hivyo.

Siku ya kwanza akaja shosho mmoja kutoka Karatina, simu ya Android mkononi. "Mwanangu, hii inasema hakuna mwanachama kama mimi. Na kahawa nimeleta hapa tangu kabla hujazaliwa!"

Nikamwomba karani afungue kiungo kile kile kwenye iPhone yake. Kikafunguka, kilo zote zikaonekana. Jamani! Kiungo kimoja, majibu mawili.

Kumbe simu ya Android iliisoma namba kama nafasi tupu ikifuatiwa na 2547. Kwenye hifadhidata namba imeandikwa kwa +. Hazikufanana, basi shosho akawa si mwanachama. Kosa lilikuwa langu, maana nilipojaribu programu niliandika namba zinazoanza na 07 tu.

Lakini kwa nini + igeuke nafasi? Hapo ndipo historia inapoanza.

Wavuti ya Tim Berners-Lee ilipozaliwa pale CERN, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, haikuwa na fomu tunazozijua leo. Ukurasa wa kutafuta ulikuwa na kisanduku kimoja, na maneno uliyoandika yalibandikwa kwenye anwani baada ya alama ya kuuliza. Nafasi tupu haikuruhusiwa ndani ya anwani, kwani inapotea kirahisi anwani ikichapishwa kwenye karatasi au ikikatwa katika barua pepe. Basi maneno yakaunganishwa kwa +. Ukitafuta kahawa ya Nyeri, unapata ?kahawa+ya+Nyeri. Ilikuwa njia ya mkato, na kwa wakati ule ilitosha.

Baadaye fomu zikaja na desturi ile zikaichukua. Novemba 1995 ikaandikwa rasmi katika RFC 1866, hati ya HTML 2.0: fomu ikitumwa, nafasi inakuwa +, na + halisi inaandikwa %2B.

Sasa sikilizeni utata. Januari 2005 ilitoka RFC 3986, ambayo ndiyo sheria kuu ya anwani zenyewe. Humo + haina maana ya nafasi. Nafasi ni %20, basi. Kwa hiyo tukabaki na sheria mbili, na kila mtengenezaji akachagua upande wake. Android yenyewe ilihama: kabla ya toleo la Jelly Bean la 2012, amri yake ya kusoma vigezo iliiacha + kama ilivyo, kuanzia hapo ikaanza kuigeuza nafasi. Apple, kwa URLComponents, inaiacha. Dart, lugha ya Flutter, inaigeuza. PHP kwenye seva nayo inaigeuza.

Kwa mtu anayetafuta maneno tu, hilo si tatizo kubwa. Lakini kwetu sisi namba ya simu ndiyo mtu mwenyewe. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, namba ndiyo akaunti, ndiyo mshahara, ndiyo bei ya kahawa. Na namba yetu ikiandikwa kwa mtindo wa kimataifa inaanza na +254. Alama iliyokuwa njia ya mkato ya kutafuta maneno imeangukia mahali pabaya kabisa.

Majina yetu nayo yana hadithi yake. RFC 1738 ya Desemba 1994 iliruhusu herufi za ASCII tu, yaani a hadi z bila mapambo. Jina Mũthoni lingepita wapi? Leo ũ inapita kwa UTF-8 ikiwa %C5%A9, na ĩ ikiwa %C4%A9. Programu isiyojua kufungua alama hizo itamwita mtu jina ambalo mama yake hakumpa.

Nilitengenezaje? Kwanza, niliacha kuunganisha anwani kwa mkono. Kwenye Android, Uri.Builder huandika + kama %2B yenyewe. Kwenye iPhone, URLComponents haifanyi hivyo, lazima uibadilishe mwenyewe. Pili, na hili ni muhimu zaidi, niliondoa namba ya simu kabisa. Anwani hubaki kwenye kumbukumbu za seva na husambazwa ovyo, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Sasa kiungo kina msimbo wa nasibu unaokwisha muda, na hata huo haumfungulii mtu malipo mpaka aweke namba yake ya siri.

Shosho alirudi juma lililofuata. Akagusa kiungo, akasoma kilo zake moja moja kwa sauti, akasema mbili hazipo. Tukaangalia daftari. Alikuwa sahihi, ila hizo alizikosesha karani wala si mimi!

Haya, tuonane wakati mwingine. Kama programu yako inasoma namba za simu kutoka kwenye anwani, ijaribu leo kwa +254.