Tui Likinyamaza: Historia ya Mafuta ya Nazi Pwani

Bibi yangu wa Pangani hakuwa na saa jikoni. Mafuta ya nazi aliyapima kwa sikio. Tui zito likiwa motoni hulia: maji yanachemka ndani ya mafuta na kurusha vitone, na mlio wake ni kama wa manyunyu juu ya makuti. Sisi watoto tulitaka kuchungulia na kukoroga kila mara. Alitukataza, alitaka tusikilize. Mlio ukipungua alitoa ukuni mmoja. Ukikatika kabisa, maji yamekwisha: juu mafuta maangavu, chini mashapo ya kahawia ambayo tuliyagombania kwa sukari. Akiepua mapema, maji hubaki na chupa huchacha kabla mwezi haujaandama. Akichelewa, mafuta huungua, na harufu ile haitoki tena.

Kabla ya moto kuna kazi ya mikono. Nazi hufuliwa, huvunjwa, hukunwa juu ya mbuzi, kisha hukamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza ndilo lenye mafuta mengi. La pili hupikiwa wali. Machicha wanapewa kuku. Hakuna kinachotupwa, hata kifuu huwa kata ya kutekea maji.

Ujuzi huu ni mkongwe, na mnazi wenyewe una historia ndefu. Mwaka 2011 watafiti Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya minazi ya dunia nzima. Waligundua koo kubwa mbili, moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya Pasifiki, na katika Komoro, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki wakakuta koo hizo zimechanganyika. Mchanganyiko huo unakubaliana na historia ya mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki na kuifanya Madagaska kwao.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, kisha akavuka hadi Dhofar, Oman. Huko alieleza namna ya kutengeneza mafuta: nazi iliyokomaa inakatwa vipande, inaanikwa juani, halafu inapikwa kwenye masufuria makubwa mpaka mafuta yatoke. Watu waliwashia taa, wakachovyea mkate, na wanawake wakapaka nywele. Karne saba karibu zimepita, na bibi yangu angemwelewa bila mkalimani, ingawa yeye alianza na tui na si nazi kavu.

Kwetu mafuta hayo hayakuishia nywele. Mtoto mchanga alikandwa nayo. Waliotaka manukato waliloweka ndani yake asumini au maua ya mlangilangi, wakaacha juani siku kadhaa, wakachuja. Mwali alisuguliwa singo, yaani karafuu na maua yaliyosagwa, akaoshwa, ngozi ikasafika ndipo ikapakwa mafuta. Mpangilio huo una maana, na nitaurudia.

Kisha ukaja mwaka 1872. Tarehe 15 Aprili kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi kwa wingi, Pemba ikanusurika. Mwezi Juni mwaka huohuo, Marekani, mkemia Robert Chesebrough alipata hataza ya mafuta aliyoyatoa kwenye masalia ya mafuta ghafi, akayaita Vaseline. Mambo hayo mawili hayakuhusiana kamwe. Lakini mimi nayaweka pamoja kila ninapofikiria kabati za bafuni zetu: mwaka uleule ulioangusha minazi yetu ndio uliozaa Vaseline, tunayoiita mafuta ya mgando.

Karne hiyohiyo wafanyabiashara wa Kifaransa walikuwa wakinunua mbata na ufuta Zanzibar kwa ajili ya viwanda vya sabuni vya Marseille. Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Nazi iliyokuwa ikimaliza safari yake jikoni, ikiacha mafuta kwa mwenye nyumba na machicha kwa kuku, sasa ilikaushwa, ikatiwa gunia, ikapakiwa melini ikiwa mbata tu. Kilichokuja upande wa pili kilikuwa sabuni na mafuta ya mkebe. Taratibu tukaanza kuamini kwamba cha dukani ndicho cha wastaarabu, na cha nyumbani ni cha asiye na hela.

Sisemi mafuta ya mgando ni mabaya. Yanazuia maji ya ngozi yasipotee, na kwa kazi hiyo ni hodari sana. Mafuta ya nazi nayo yanajipenyeza kati ya seli kavu za juu na kuzilainisha. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, madaktari wa Ufilipino, Agero na Verallo-Rowell, waliwapa wagonjwa 34 wenye ngozi kavu ama mafuta ya nazi ama mafuta ya madini, ndugu wa yale ya mgando, kwa wiki mbili. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kubwa haikuonekana. Mwenye chunusi usoni ayatumie kwa hadhari, kwa sababu yanaweza kuziba vinyweleo.

Na ule mpangilio wa mwali? Mafuta hayaongezi maji, yanayafungia yaliyopo. Anayejipaka ngozi ingali na unyevu wa kuoga anafungia maji ndani. Anayejipaka mchana kwenye ngozi iliyokauka anapata mng'ao zaidi kuliko ulaini. Makungwi waliomwandaa mwali hawakuwa na maabara, lakini maji yalitangulia na mafuta yakafuata.

Mwezi Julai mmoja bibi alimpelekea mdogo wangu chupa Lushoto. Siku ya pili simu ikalia: mafuta yameharibika, yamekuwa meupe na magumu kama mshumaa. Bibi alicheka kwa furaha kabisa. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kwa Pangani si jambo la kuonekana kila siku. Akamwambia aisimamishe chupa dirishani juani, aende akaoge, na akirudi asijifute sana.