Kupunguza uzito kwa mazoea madogo: kijiko cha mawese, mwendo wa alfajiri na subira ya miaka mitatu

Katika Kifaransa, neno "régime" lina maana mbili ambazo Rumonge hukutana kila siku. Kwa daktari, ni mpango wa kula wa mtu anayetaka kupungua uzito. Kwa mkulima wa michikichi, ni mkungu wenyewe wa chikichi, ule unaokatwa kwa panga, ukasafirishwa kwa baiskeli hadi kwenye kinu na kukamuliwa mafuta mekundu. Mfasiri wa habari anapokutana na neno hilo katika taarifa ya afya hubaki na kalamu mkononi, kwani Kiswahili cha mwambao huu hakina neno moja lililokubalika na wote. Wengi husema "kujinyima". Huenda hapo ndipo safari nyingi za kupunguza uzito zinapovunjikia, maana mtu huweza kujinyima mwezi mmoja au miwili, lakini hawezi kujinyima maisha yake yote.

Makala haya yanaeleza njia nyingine: kubadili jambo dogo moja linalofanyika kila siku, kisha kuliacha lifanye kazi yake kwa muda mrefu. Mifano imechukuliwa katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Magara na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac.

Nani anahitaji kupungua?

Swali hili lina uzito wake hapa kwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa nchini Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa sababu ya lishe duni. Katika nchi kama hiyo, kuzungumzia watu wanaokula kupita kiasi kunaweza kuonekana kama dhihaka. Hata hivyo, hali hizo mbili huishi katika mji mmoja, na pengine katika nyumba moja: mtoto aliyekosa protini na mtu mzima ambaye kazi yake imehama kutoka shambani au majini hadi nyuma ya meza ya duka, kwenye usukani au ofisini. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 zaidi ya watu bilioni moja duniani walikuwa na unene uliokithiri.

Mwanamke anayepanda vilima vya Buyengero na mzigo kichwani, au mvuvi anayevuta nyavu usiku kucha, kwa kawaida hahitaji ushauri huu. Anayeuhitaji anaweza kujitambua kwa utepe wa fundi cherehani. Pima kiuno usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linatumia sentimita 80 kwa wanawake na 94 kwa wanaume kuwa ndipo hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inapoanza kupanda, na kwa Afrika kusini mwa Sahara viwango hivyo vinatumika huku takwimu zetu wenyewe zikisubiriwa. Kipimo kingine ni kugawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 75 anapata 27.5. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Kikwazo cha kwanza hakipo mwilini. Mwili mnene husifiwa: husemwa mtu amenawiri, kwake mambo si mabaya. Anayepungua huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa, au kama nyumbani pamekauka. Anayetaka kupungua kwa hiari yake hana budi kuwa na jibu tayari, na ni heri awaambie watu wa nyumbani mapema kuliko kuwaacha waulizane wenyewe.

Hesabu ya kijiko kimoja

Rumonge ndio moyo wa kilimo cha michikichi nchini Burundi, na mawese humiminwa vyunguni kwa mkono usiohesabu. Tusiyatukane mafuta haya. Yale mekundu, yasiyosafishwa kiwandani, yana karotini nyingi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwa mtoto anayekula muhogo na maharagwe ni neema. Ila ni mafuta matupu: kila gramu hutoa kalori 9, ilhali gramu ya unga wa muhogo haifikii hata nusu ya hizo. Kijiko kimoja kikubwa, cha gramu 14 hivi, kina takriban kalori 120.

Wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Kevin Hall walichapisha mwaka 2011, katika jarida la kitabibu la The Lancet, hesabu inayofaa kukaririwa. Kwa mtu mzima aliyezidi uzito, kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa siku, zikabaki zimepunguzwa, hatimaye huleta upungufu wa kilo moja hivi. Nusu ya upungufu huo hutokea katika mwaka wa kwanza, na karibu wote hukamilika baada ya miaka mitatu. Kijiko kimoja cha mafuta kwa siku basi ni kama kilo tano, ikiwa mambo mengine hayabadiliki: mbili na nusu mwaka wa kwanza, zilizobaki polepole. Hesabu hii ilisahihisha ahadi za zamani zilizodhani kwamba mwili hupungua kwa mstari ulionyooka bila kikomo. Mwili ukipungua hutumia nishati kidogo zaidi, nao mwisho hutulia.

Namna ya kutekeleza ni rahisi kuliko kuieleza. Mpishi huacha kumimina kutoka kwenye chupa na kuanza kupima kwa kijiko kinachokaa daima kando ya chupa hiyo. Nyumba ya watu sita iliyozoea vijiko kumi na viwili kwenye chungu cha sombe ishuke hadi kumi, ikae hapo wiki kadhaa, ndipo ishuke tena. Watoto wadogo wapakuliwe sehemu yao ikiwa na mafuta yao, kwani wao hawamo katika hesabu hii. Ndagala na mukeke wa kuchoma au wa kuchemsha na nyanya hupunguza haja ya kukaanga. Ndagala mkavu, aliyekaushwa mchangani au kwenye vichanja, anashibisha kwa protini yake, na inafaa kumnunua kwa akiba: wavuvi hutegemea taa kuwavuta samaki, hivyo mwezi mpevu unapoangaza ziwa, dagaa hupungua sokoni na bei hupanda. Nyumba isiyo na akiba siku hizo huangukia mandazi na chapati.

Zoea hujengwaje?

Mwaka 2009, Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London waliwafuatilia watu 96 waliochagua tendo moja dogo la kurudia kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani ilichukua siku 66 tendo hilo kuwa la kawaida, lisilohitaji kushindana na nafsi. Lakini tofauti baina ya watu ilikuwa kubwa mno, kutoka siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu lililokwisha kujengwa. Hilo la mwisho lina faraja zaidi ya yote, kwani wengi wetu huacha kabisa baada ya harusi moja.

Siri iko katika kulifunga tendo jipya kwenye jambo ambalo tayari lipo. Anayetoka msikitini baada ya swala ya alfajiri apite njia ndefu ya ufukweni kabla ya kurudi nyumbani. Anayekwenda kupokea mitumbwi asubuhi aache pikipiki na aende kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Jua la mwambao ni kali, kwa hiyo saa ya kufaa ni kabla halijapanda juu ya milima, au jioni likielekea ng'ambo ya Kongo.

Tusidanganyane lakini: nusu saa ya kutembea kwa haraka huunguza takriban kalori 120 kwa mtu wa kilo 70, sawa na kile kijiko cha mafuta. Mwendo peke yake hupunguza kidogo. Faida yake kubwa ni kwa moyo, kwa sukari ya damu, na kuzuia kilo zilizoondoka zisirudi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki. Uwezekano wao wa kuugua ulipungua kwa asilimia 58.

Glasi na sinia

Vinywaji havihesabiwi kuwa chakula, na hapo ndipo vinapotushinda. Soda ya sentilita 30 ina sukari ya vijiko vya chai saba hivi. Chupa ya bia ya sentilita 72 ina kalori zinazokaribia 300. Chai ya rangi yenye vijiko vitatu, vikombe vinne kwa siku, ni karibu kalori 200. Mwandishi wa makala haya, ambaye zamu zake za usiku huendeshwa kwa chai, aliondoa nusu kijiko kila mwezi, na leo chai ya vijiko vitatu humkaa kooni kama dawa ya kikohozi. Anayehamia kwenye maji ahakikishe yamechemshwa au kutiwa klorini. Kipindupindu kimerudi mara kwa mara katika mwambao huu, na maji ya ziwa hayanyweki hivi hivi hata yakionekana safi.

Sinia la pamoja lina shida yake, kwa kuwa hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Anza na lengalenga na maharagwe, ugali ufuate, na uoshe mikono mapema ukisema umeshiba. Mwenyeji hakasiriki kwa mgeni aliyekula na kusifu. Katika Ramadhani, tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha wafungaji hupungua kilo moja hivi, nayo hurudi baada ya wiki chache. Sambusa na vitumbua vya futari vina sehemu yao katika kurudi huko. Mwezi huo unafaa kuanzishia zoea moja, kama tende tatu na maji kabla ya kitu chochote cha kukaangwa, litakaloendelea kwa sura nyingine baada ya Idi.

Dawa za haraka

Chai za kupunguza tumbo na vidonge visivyo na maandishi ya kueleweka mara nyingi huendesha tumbo au kukojoza tu. Kinachopungua ni maji. Hata kupungua kwa kasi kwa njia halali kuna gharama. Washindani 14 wa shindano la televisheni la Marekani walipopimwa tena baada ya miaka sita, katika utafiti wa 2016, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa miili ya ukubwa huo.

Mjamzito, anayenyonyesha, na anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu wazungumze na muuguzi kabla ya kubadili mlo, kwa sababu dozi huenda ikahitaji kubadilishwa. Na anayepungua bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au kiu isiyoisha, aende kituo cha afya kupimwa kifua kikuu na sukari, hata kama majirani wanamsifu kwa wembamba wake.