Safu ya Lugha: Kutisha na kutia kinyaa

Kwenye kibanda cha video hapa Kashai nimekuta ubao wa chaki: "Leo muvi ya kutisha ya Kijapani." Ilikuwa Ichi the Killer ya Takashi Miike, ya mwaka 2001. Damu inaruka hadi darini, mtu anajikata ulimi, na vijana wa benchi la mbele wanashangilia. Hakuna aliyeogopa. Muvi hiyo haitishi, inatia kinyaa. Kinyaa ni ndugu wa kinyesi: kwanza ni uchafu wenyewe, kisha ile hali ya moyo kuchafuka na mate kujaa mdomoni. Ilipooneshwa kwenye tamasha la Toronto, watazamaji waligawiwa mifuko ya kutapikia. Mfuko huo ni wa kinyaa, hofu haitapishi hivyo.

Kutisha, au kuogofya, ni kumtia mtu hofu. Tazama Ringu ya Hideo Nakata, ya 1998: damu ni haba, lakini yule mwanamke aliyefunikwa uso kwa nywele anapotambaa kutoka kwenye runinga, utalala taa ikiwaka. Wapenzi wa damu wanafuata msisimko, nami siwakatazi. Naomba tu ubao uandikwe: muvi ya kinyaa.