Nyanya Alihesabiwa Agosti

Usiku wa sensa ya Agosti 2019 nilikuwa Voi, nyumbani kwa nyanya. Karani alikuwa kijana wa mtaa wa pili, amevaa kizibao cha sensa na kishikwambi mkononi. Aliuliza umri, elimu, maji tunayotumia, hata mbuzi na kuku. Alipofika kwenye kabila, nyanya akajibu, "Mtaita." Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau jikoni, akaongeza, "Lakini baba alikuwa Mgoa."

Karani akainua uso. "Hao ni watu wa wapi, nyanya?"

"Wa stesheni," akasema.

Tulicheka sote. Kijana akabonyeza Mtaita, akaaga, akaenda nyumba inayofuata. Lakini jibu lile lilinikaa. Nilisoma historia chuoni miaka minne, na tangu usiku ule nimesoma karibu kila nilichopata kuhusu Wagoa wa Afrika Mashariki. Bado sijaona maelezo mafupi na sahihi kuliko yale ya nyanya.

Goa ni kipande kidogo cha pwani ya magharibi ya India. Wareno walikiteka mwaka 1510 na hawakutoka hadi Desemba 1961, jeshi la India lilipoingia. Katika miaka hiyo 451 wenyeji wengi walibatizwa na kupewa majina ya Kireno: de Souza, Fernandes, Pereira, Pinto. Ardhi ilikuwa ndogo na kazi zilikuwa haba, kwa hiyo vijana walikwenda Bombay, mji wa Mwingereza. Huko walijifunza Kiingereza, na wengi waliajiriwa melini wakiwa wapishi na wahudumu. Ukishafika Bombay, Zanzibar na Mombasa hazikuwa mbali tena, meli zilikuwepo.

Ukitaka kuchora ramani ya Wagoa wa huku kwetu, usitafute kijiji chao wala mashamba yao. Tafuta nani alikuwa anaajiri. Zanzibar aliyeajiri alikuwa sultani, na bendi yake ilipigwa na wanamuziki wa Kigoa. Wengine walifungua maduka ya ushonaji, na wengine studio za picha; picha nyingi za Zanzibar ya kale tunazoziona leo zilipigwa na A. C. Gomes na wenzake. Entebbe, makao makuu ya Waingereza nchini Uganda, Wagoa walijaa maofisini. Mombasa kulikuwa na bandari na forodha. Nairobi kulikuwa na reli, na baadaye kila idara ya serikali.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Wagoa hawakuja kubeba mataruma. Walikuja na kalamu, sufuria na cherehani. Mmoja alikuja na mkoba wa daktari: Rosendo Ayres Ribeiro, aliyekuwa akiwatembelea wagonjwa wake Nairobi amepanda punda milia. Mwaka 1902 ndiye aliyetambua tauni katika soko la Wahindi, na serikali ikalichoma soko lote.

Ofisi ya mkoloni ilikuwa na ngazi zake. Mzungu alitia sahihi, Mgoa aliandika barua, Mwafrika aliipeleka. Mshahara ulifuata ngazi hizo hizo. Lakini Wagoa nao walikuwa wamepangana hata kabla Mwingereza hajawapanga. Nairobi makarani walikuwa na klabu yao, Goan Institute, na mafundi cherehani walikuwa na chama chao, kwa sababu matabaka ya kule Goa yalisafiri nao melini. Jumapili wote walisali katika kanisa moja. Jioni kila mtu alikwenda kwake.

Katika miji midogo ya njiani hapakuwa na watu wa kutosha kufungua klabu. Palikuwa na Mgoa mmoja, pengine wawili, katika nyumba ya reli yenye paa la mabati na tangi la maji. Voi ilikua kidogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njia ya reli ya kwenda Taveta ilipojengwa kwa ajili ya kupeleka wanajeshi mpakani. Ikawa stesheni ya makutano, na stesheni ya makutano inahitaji mtu wa kuandika.

Baba yake nyanya alifika hapo mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa stesheni masta. Mama yake alikuwa akiuza ndizi kwa abiria. Nyanya alizaliwa mwaka 1935. Hapakuwa na harusi. Palikuwa na viatu kila Krismasi, karo ya shule ya misheni, na pishi moja ambalo mwanamume yule alimfundisha mwanamke yule: nyama ya nguruwe iliyolazwa usiku kucha katika siki, vitunguu saumu na pilipili. Kisha akahamishiwa Kisumu. Viatu vilikuja mara mbili zaidi kwa garimoshi, kisha vikakoma.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilifanya sensa Kenya. Wasiokuwa Waafrika walihesabiwa Februari, na Waafrika wakahesabiwa Agosti. Wagoa walipewa safu yao, mbali na Wahindi wengine, kwa kuwa kwao kulitawaliwa na Mreno. Kenya nzima walikuwa wapatao 7,000. Kama baba yake nyanya alikuwa bado Kisumu, basi yumo katika hesabu hiyo. Nyanya, binti wa miaka 13, alihesabiwa Agosti pamoja na Wataita. Baba na mtoto walitenganishwa na miezi sita.

Kila ninapoona jedwali la Wagoa wa mji huu na mji ule, nakumbuka kwamba ni jedwali la Februari. Linatuambia ni wangapi waliokaa Nairobi, wangapi Mombasa, wangapi Kisumu. Halituambii waliacha nini Voi.

Kulikuwa na waliovuka mstari huo hadharani. Joseph Murumbi alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, baba akiwa mfanyabiashara Mgoa na mama Mmaasai. Alipelekwa India kusoma akiwa mdogo na alikulia kwa jina la baba, Zuzarte, kisha akachukua jina la upande wa mama. Mwaka 1966 alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kwa miezi michache. Rafiki yake Pio Gama Pinto, Mgoa aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927, alifungwa na wakoloni bila kesi, akaachiliwa, akawa mbunge, na akapigwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 24 Februari 1965. Murumbi alipofariki mwaka 1990 alizikwa City Park, Nairobi, karibu na kaburi la Pinto. Nimesimama pale. Ndipo mahali pekee ninapopajua ambapo Mgoa wa Februari na Mgoa wa Agosti wamewekwa pamoja.

Wengi wa waliobaki waliondoka haraka. Zanzibar kulikuwa na mapinduzi mwaka 1964. Kenya, sheria ya 1967 ilimtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na dawati la karani likapata mwenyeji. Uganda, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 mwaka 1972. Ramani iliyochorwa na ajira ilifutika ajira ilipokwisha. Leo ukitaka kuwaona wajukuu wa makarani wa Entebbe na Nairobi, pengine utawapata upesi zaidi London au Toronto.

Wachache walibaki. Desemba ile ile ya 2019 rafiki yangu mmoja wa Nairobi alinialika kwao chakula cha mchana. Mama yake ni Mgoa. Sinia lilipokuwa bado jikoni nilisikia harufu, na nikajua kilichomo. Nikauliza chaitwaje. Vindalho, mama akasema. Ni neno la Kireno, divai na vitunguu saumu, ila Goa divai iligeuka siki. Nyumbani kwetu inaitwa nyama ya Krismasi. Sikujua kwamba ina jina jingine.

Nilimpigia nyanya simu jioni. Nilidhani atalia, au atanyamaza. Aliuliza kama wanalaza nyama usiku kucha au wanaharakisha. Nikamwambia wanalaza.

"Vizuri," akasema. "Na huyo mama, baba yake alikuwa stesheni gani?"

Sikuwa nimeuliza. Nilirudi kuuliza. Nakuru.