Urambo: Toka Karanga Hata Tumbaku



Urambo, iliyo magharibi ya Tabora katika njia ya reli iendayo Kigoma, ilikuwa makao ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Serikali ya Uingereza ilileta matrekta kung'oa miombo ili karanga zilimwe. Ardhi na mvua hazikuchunguzwa vya kutosha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Ndipo tumbaku ilipostawi, na wakulima wakagawiwa mashamba.

Lakini tumbaku hukaushwa kwa kuni, na msitu una mwisho. Basi tusirudie kosa la kale la kukata kwanza na kufikiri baadaye. Apandaye tumbaku na apande miti, wajukuu wetu wasije wakarithi jangwa.