Nani kahesabiwa? Historia fupi ya redio na orodha zake za nyimbo

Najua nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo naomba tuingie kwenye historia, ila msiwe na hofu, kompyuta zitatokea mbele.

Yote yalianza na harusi ya binamu yangu. Niliombwa nishughulikie muziki, nami kwa vile ni mtu wa programu, nikaandika kijiprogramu cha kuchagua nyimbo kwa bahati nasibu kutoka orodha ya nyimbo 200 hivi. Mambo yakaharibika. Nyimbo za mwanamuziki mmoja zilifuatana mara tatu, halafu nikaona kina shangazi wanarudi kwenye viti, mmoja baada ya mwingine. Aibu! Nikaenda kutafuta jinsi redio zinavyokwepa balaa kama hilo.

Turudi Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo redio kubwa za kule ziliishi kwa michezo ya kuigiza, vichekesho na bendi zilizopiga moja kwa moja hewani. Runinga ilipoingia sebuleni, vipindi hivyo vilihamia huko pamoja na pesa za matangazo. Vituo vya redio vikabaki na saa nyingi tupu za kujaza. Kupiga santuri ilikuwa njia rahisi, lakini santuri ipi?

Mjini Omaha, jimbo la Nebraska, Todd Storz alikuwa akiendesha kituo cha KOWH, ambacho yeye na babake walikinunua mwaka 1949. Kuna kisa kinachosimuliwa sana: eti Storz na msaidizi wake Bill Stewart waliketi kwenye baa, wakawaona wateja wakitumbukiza sarafu kwenye mashine ya santuri na kuchagua nyimbo zile zile chache. Wakati wa kufunga, mhudumu aliyekuwa amezisikia siku nzima akatoa sarafu yake mwenyewe, akachagua wimbo ule ule! Kisa hiki kina matoleo kadhaa na yawezekana kimetiwa chumvi. Lakini walichokifanya kinajulikana: KOWH ilianza kurudia vibao vichache vinavyopendwa, ikapanda hadi kuongoza kwa wasikilizaji mjini. Hapo ndipo ilipotoka fomati iitwayo Top 40, ambayo Gordon McLendon naye aliitumia kwa mafanikio kwenye KLIF ya Dallas.

Kwa jicho letu sisi watu wa programu, mashine ile ya baa ilikuwa hifadhidata. Kila sarafu ni kura. Shida ni kwamba asiyeingia baa hiyo hapigi kura.

Ndiyo maana kisa cha Memphis, jimbo la Tennessee, kinanigusa zaidi. Kituo cha WDIA kilianza mwaka 1947 kikiwalenga Wazungu, kama vituo vingine vya mji huo, na mambo yakawa mabaya karibu kifilisike. Oktoba 1948 wamiliki wake, Wazungu wawili, walimpa maikrofoni Nat D. Williams, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mwalimu wa historia na mwandishi wa magazeti. Weusi walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa Memphis. Kufikia mwaka 1949 vipindi vyote vya WDIA viliwalenga wao, na mwaka 1954 kituo kikaongezewa nguvu hadi wati 50,000. B.B. King alilipata jina lake hapo akiwa mtangazaji. Tafakari kidogo: wasikilizaji hao hawakuhamia Memphis mwaka 1948. Walikuwepo siku zote, ila hakuna aliyewahesabu.

Sasa kompyuta. Vituo vingi vilipanga nyimbo kwa kadi: unatoa ya mbele, unapiga wimbo, unairudisha nyuma. Ni foleni tu, ile tuliyofundishwa chuoni. Mwaka 1979 Andrew Economos alianzisha kampuni ya RCS, iliyoleta programu ya Selector. Humo kila wimbo una sifa zake: kundi, mwendo, hisia, mwimbaji. Kisha zinafuata kanuni, kwa mfano mwimbaji yule yule asirudi kabla ya muda fulani.

Na kuna hesabu tamu hapa. Tuseme kundi la vibao vikubwa lina nyimbo 8, na kila saa unapigwa mmoja kwa zamu. 24 inagawanyika kwa 8 bila baki, kwa hivyo anayefungua redio saa mbili asubuhi atasikia wimbo ule ule kila siku mpaka auchukie. Ondoa mmoja, zibaki 7, na kila asubuhi ya wiki atapata wimbo tofauti!

Lakini kanuni hizi hupanga tu kilichomo kwenye orodha. Haziulizi nani aliachwa nje.

Sisi Wakenya tunalijua hilo. Hadi katikati ya miaka ya 1990 hewa ilikuwa ya KBC, na idhaa zake za kieneo ziligawa saa kati ya lugha nyingi. Capital FM ikaja mwaka 1996, kwa Kiingereza, kwa watu wa mjini. Mwaka 2000 ikaja Kameme FM kwa Kikuyu, kisha baadaye Ramogi kwa Kidholuo, Kass kwa Kikalenjin, Musyi kwa Kikamba, na Ghetto Radio kwa Sheng. Kwetu lugha ilikuja kabla ya aina ya muziki. Ilikuwa Memphis tena: wasikilizaji walikuwepo, wakisubiri mtu awahesabu.

Kijiprogramu changu nimekirekebisha. Kanuni ya mwimbaji ilichukua mistari michache tu. Hitilafu iliyobaki iko kwenye data, kwani zile nyimbo 200 niliomba kwa marafiki wa rika langu pekee. Kuna harusi nyingine Desemba, na safari hii nitaanza kwa kuwapigia simu kina shangazi.

Je, nyumbani kwenu redio hukaa kituo gani, na nani huchagua? Niambieni hapo chini.